Tordesillas: Mji alikofungiwa mama na mtoto

Mji mdogo wa Tordesillas, kando ya mto Duero nchini Hispania, unajulikana kwa mkataba wa 1494 uliogawa bahari kati ya Hispania na Ureno. Njia ya mashariki ilibaki kwa Wareno, na mwaka 1498 Vasco da Gama akafika Mombasa na Malindi.

Wazazi wana kisa kingine cha kujua. Mwaka 1509 Malkia Juana, mjane, alifungiwa humo na baba yake, Mfalme Fernando, kwa madai ya wazimu. Mwanawe Carlos alipotawala naye hakumtoa. Alifariki humo 1555. Wanahistoria wangali wanabishana: aliugua kweli, au jamaa walitaka kiti chake?

Binti yake Catalina aliingia humo na miaka miwili, akatoka 1525 kwenda kuolewa na mfalme wa Ureno.

Jumba hilo lilishabomolewa. Mgeni leo huona daraja la kale, nyumba za mkataba na monasteri ya Santa Clara.

Ukiwa na mgonjwa wa akili nyumbani, mpeleke hospitali, usimfungie. Na mtoto anayeishi naye, mweleze kinachoendelea, umwache acheze na wenzake.