Maendeleo ya Wanawake Haigawi Pesa

"Mwalimu, hizi pesa za Maendeleo zinatoka lini?"

Swali hili nimeulizwa sokoni, matangani, mlangoni pa kanisa, na hata ndani ya matatu ya Langas hapa Eldoret, dereva akipunguza redio ili naye asikie. Jibu langu halibadiliki: hazitoki. Maendeleo ya Wanawake ni shirika la hiari la wanachama. Anayejiunga hulipa ada, na shirika huendesha kazi zake kwa ada hizo, kwa michango, na kwa miradi maalumu ambayo limejitafutia wafadhili. Kungojea Maendeleo ikupe mtaji ni kama kuketi kanisani ukitarajia kwamba kikapu cha sadaka, kikifika kwako, kitakulipa.

Ningelipuuza swali hili lau lisingekuwa na watu wanaoishi kwalo. Uchaguzi ukikaribia, au mahindi yakiisha kuuzwa na watu wakiwa na senti mbili tatu, huzuka mtu mwenye daftari. Anawakusanya kina mama katika darasa la chekechea, anaandika majina na nambari za vitambulisho, anatoza "usajili wa Maendeleo", kisha anaahidi kwamba ruzuku ya wafadhili wa ng'ambo itaingia kwenye simu ya kila aliyeandikwa. Stakabadhi yake ina muhuri wa zambarau. Ni tapeli, lakini ufundi anao. Hutoza kiasi kidogo ambacho hakuna mama atakayelipa nauli kwenda kukifuatilia kituo cha polisi. Humtumia mama anayeheshimika kijijini kukusanya pesa, ili zikipotea lawama imwangukie huyo mama. Akiulizwa mbona kimya, anajibu kwamba Nairobi bado wanahakiki majina. Nayo majina yenyewe hayaendi bure, maana orodha ndefu ya wanawake, ikiwa na nambari za simu na za vitambulisho, haikosi mnunuzi wakati wa kampeni.

Wasomi hawako salama. Wao huuliza kwa maneno mazuri zaidi: bajeti ya Maendeleo mwaka huu ni kiasi gani? Inaripoti kwa wizara gani? Hao ndio hunichosha kuliko wote, kwa sababu nilidhani wao wangekuwa wa kuwaeleza wenzao.

Sisemi kwamba imani hii haina asili. Inayo, tena ndefu, na usipoijua utaendelea kuwacheka kina mama wasiostahili kuchekwa.

Maendeleo ilizaliwa mikononi mwa serikali, na serikali yenyewe ilikuwa ya kikoloni. Mwaka 1952, ule ule ambao hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba kupambana na Mau Mau, idara ya maendeleo ya jamii chini ya Thomas Askwith ilianza kuviunganisha vilabu vya wanawake vijijini. Upande wa wanawake katika idara hiyo ulisimamiwa na Nancy Shepherd, na viongozi wa vilabu walifunzwa Jeanes School, Kabete. Mtindo uliofuatwa ulikuwa ule wa Women's Institute, vyama vya wanawake wa mashambani vilivyoanza Kanada mwaka 1897 na kuingia Uingereza mwaka 1915. Mnakutana, mnajifunza kushona, kupika, usafi na malezi, kisha mnatoka kuwahudumia wengine. Hakuna ubaya katika hayo.

Lakini katika Mkoa wa Kati wa wakati ule, nyuma ya sindano ilisimama bunduki. Watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vyenye ulinzi, wanaume wengi wakiwa kizuizini. Vilabu viligawa maziwa na uji kwa watoto wenye njaa. Mama aliyejiunga alihesabiwa kuwa upande wa serikali, na aliweza kusamehewa kazi ya lazima iliyowavunja wenzake migongo. Mweke mwanamke katika hali hiyo umwambie kwamba hiki ni chama cha hiari! Alichokiona ni mlango wa serikali ambao aliyeingia alipata na aliyebaki nje alikosa. Kwa maoni yangu, mbegu ya lile swali la matatu ya Langas ilipandwa hapo.

Huku kwetu Uasin Gishu habari ilikuwa nyingine. Ardhi ilikuwa ya walowezi, wakiwemo Makaburu walioingia mwaka 1908, na mama Mwafrika aliishi shambani kwa mtu kama mke wa kibarua. Wanawake wa Kizungu walikuwa na chama chao, East African Women's League, kilichoundwa Nairobi mwaka 1917 kikidai kwanza haki ya kupiga kura. Wanawake hao waliipata mwaka 1919, wao peke yao. Siasa zao si zangu, ila walielewa jambo moja kuhusu vyama: mwanachama ndiye hulipa, na mwanachama ndiye huamua. Sijasoma popote kwamba kuna bibi wa mlowezi aliyeuliza pesa za League zinatoka lini.

Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Maendeleo. Uhuru ulipokaribia serikali ilianza kuondoa mkono wake, na baada ya uhuru wakubwa wapya walipenda zaidi nyimbo za kina mama uwanja wa ndege kuliko hoja zao. Ruth Habwe, aliyeliongoza shirika mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa tayari amethubutu kugombea ubunge bila tiketi ya chama. Jane Kiano, aliyeshika uenyekiti mwaka 1971 na kudumu zaidi ya mwongo mzima, alilipa shirika sura ya kitaifa.

Katika miaka hiyo hiyo, pesa za kweli za wanawake wa Kenya zilikuwa zikizunguka kwingine. Kulikuwa na vikundi vya mabati: kila mmoja alichanga, zamu ikimfikia mama fulani analinunulia boma lake mabati, hadi nyasi zikatoweka mapaani. Hakuna aliyejaza fomu wala kungojea Nairobi wahakiki majina.

Kisha yakaja mambo yaliyoikaza imani hii kama simenti. Katikati ya miaka ya 1980 tuhuma za ubadhirifu ziliipa serikali sababu ya kuingilia uongozi wa shirika, na mwaka 1987 likaunganishwa na chama tawala. Jina likawa KANU-Maendeleo ya Wanawake. Mwaka 1989 viongozi wapya walichaguliwa, na wake na jamaa za wanasiasa wakajaa katika nafasi. Sisi tuliokuwa watu wazima tunakumbuka sare, nyimbo za kumpokea Rais, na chifu akiita mkutano ambao kuukosa kulihitaji maelezo. Sasa mtu aliyeona chifu akiitisha mkutano wa Maendeleo, utamshawishi vipi kwamba ile haikuwa ofisi ya serikali?

Tanzania walau hawakujificha. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (baadaye wa Tanzania) ulipoundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiuongoza, kila mtu alijua kwamba ni jumuiya ya chama tawala, TANU. Sisi tulitaka shirika liwe la hiari asubuhi na la chama jioni.

Gharama yake ilionekana. Baraza la Kitaifa la Wanawake, lililoanzishwa mwaka 1964 kuwa mwavuli wa vyama vya wanawake, lilimchagua Wangari Maathai kuwa mwenyekiti, na Maendeleo ikajitoa. Mwaka 1989 Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, viongozi wa Maendeleo walikuwa miongoni mwa waliomshambulia. Jengo halikujengwa. Bustani ingalipo, na kina mama wanakwenda kupumzika humo. Siasa za vyama vingi ziliporudi baada ya Desemba 1991, shirika likajitenga na KANU, ila sifa ya kuwa mkono wa serikali haikuondoka pamoja na jina.

Kuna na wale wanaoniambia kwamba haya yote ni "mambo ya Beijing". Mkutano wa wanawake wa Beijing ulikuwa mwaka 1995. Maendeleo ilikuwa na miaka 43. Nairobi yenyewe ilikuwa imepokea mkutano kama huo wa Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Tuendelee.

Basi shirika hili ni la nini, kama haligawi pesa? Nitatoa mfano mmoja ambao naona unatosha. Rais Moi alilaani ukeketaji hadharani mwaka 1982. Machifu walisikia, wazee walisikia, na visu vikahamia usiku. Tamko halikuwa na mtu wa kuketi na bibi jikoni. Maendeleo ilikuwa naye. Mapema miaka ya 1990 ilifanya utafiti Kisii, Meru, Narok na Samburu, ikauliza familia zenyewe kwa nini zinashikilia desturi hiyo. Jibu likawa kwamba zaidi ya kisu, watu walithamini mafunzo, kutengwa kwa muda, na sherehe inayomtangaza msichana kuwa mtu mzima. Agosti 1996, huko Gatunga, Tharaka, kwa kushirikiana na shirika la PATH, wasichana wapatao thelathini walikaa faraghani, wakafunzwa na wanawake wa kwao, wakatoka na kusherehekewa na wazazi bila kukatwa. Utaratibu huo ukasambaa hadi wilaya nyingine. Sheria mahususi ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuja mwaka 2011, miaka 15 baadaye. Utaratibu huo wa sherehe haukumaliza tatizo, wapo waliofanya sherehe na bado wakakata. Lakini wizara isingeweza kuubuni, kwa sababu wizara haina mwanachama katika kila kijiji ambaye mama mkwe atamfungulia mlango.

Kazi ya chama cha huduma ndiyo hiyo. Ni mtandao wa wanawake wanaojuana na kuaminiana, uliopangwa kutoka kijijini hadi taifa kwa uchaguzi, unaoweza kufika mahali ambapo karani hafiki. Kwa njia hiyo hiyo Maendeleo ilipeleka uzazi wa mpango vijijini tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapa Eldoret, baada ya ghasia za mwaka 2008, Rural Women Peace Link ilifanya kazi ya jinsi hiyo, ikiwakutanisha wanawake wa jamii zilizokuwa zimechomeana nyumba. Zipporah Kittony, jirani yetu wa Trans Nzoia, aliiongoza Maendeleo tangu mwaka 1996. Ukiitazama kazi yake uongozini, ipime kwa hayo, usiipime kwa bahasha.

Haya, kwa wenye haraka, na najua ndio wengi.

Unataka mkopo? Women Enterprise Fund, iliyoanzishwa mwaka 2007, ni mfuko wa serikali na ni mkopo, hurudishwa. Uwezo ni mwingine, ulianza mwaka 2013, kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Pesa zinazopitia ofisi ya Mwakilishi wa Wanawake ni NGAAF, mfuko mwingine tena. Hustler Fund, tangu Novemba 2022, huombwa kwa simu yako mwenyewe. Yote minne haina uhusiano na kadi ya Maendeleo, wala hakuna wakala wa kukujazia jina. Fomu hazinunuliwi, ukitajiwa bei, ondoka. Uliza Huduma Centre mjini au katika ofisi ya kaunti ndogo yako, iwe Soy, Turbo, Moiben, Ainabkoi, Kapseret au Kesses.

Unataka akiba? Wekeni na mkopeshane mezani, mtindo ambao Joyful Women Organisation imeusambaza tangu mwaka 2009. Pesa ni zenu, zihesabiwe mbele ya wote, na daftari asilale nalo mweka hazina peke yake. Unataka ushirika wa imani na kutembelea wagonjwa? Waanglikana wana Mothers' Union, iliyoanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876. Wakatoliki wana Catholic Women Association. Wapresbiteri wana Woman's Guild. Unataka sauti katika mambo ya wanawake kitaifa? Jiunge na Maendeleo, lipa ada, dai stakabadhi ya shirika, hudhuria uchaguzi, na uliza mapato na matumizi ukiwa mwanachama mwenye haki ya kuuliza.

Mkiunda kikundi chenu, sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Andikeni katiba, chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wekeni kumbukumbu za mkutano uliowachagua, ambatisheni nakala za vitambulisho, mpeleke kwa afisa wa maendeleo ya jamii, kisha mfungue akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Cheti hudumu miaka 2. Kifanyieni upya kabla hamjaomba mkopo, maana vikundi vingi hurudishwa mlangoni kwa cheti kilichokwisha muda.