Nepia na Macho ya Mtoto Wako

  Leo tunazungumzia nepia, na hatari yake kwa macho ya watoto.

Nepia ni aina ya nyasi ndefu. Asili yake ni hapa Afrika, ambako humea yenyewe kando ya mito na mabondeni. Hapa Kapsoya na kwingineko Eldoret, hupandwa kwa ajili ya ng'ombe. Shina lake hufanana na muwa, na ikiachwa hupita mita 3. Ukiikata, visiki huchipuka tena, hivyo huvunwa miaka mingi bila kupandwa upya.

Sasa tazama jani lake. Kingo zake ni kali, na lina vinywele vinavyowasha. Wewe huenda likakukata mkononi tu. Lakini mtoto anayecheza ndani ya nepia, au uliyembeba mgongoni ukikata, linaweza kumpiga jichoni.

Mkwaruzo kwenye kioo cha jicho si jambo la kupuuza. Majani hubeba vijidudu, pamoja na kuvu. Vikiingia kwenye mkwaruzo huleta kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu. Mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo.

Je, jani likimpiga mtoto jichoni ufanye nini?

1. Mzuie asilifikiche jicho.
2. Lioshe kwa maji safi mengi.
3. Kama kuna kitu kimechoma ndani ya jicho, usikitoe wala usilioshe. Mpeleke hospitali mara moja.
4. Usitie maziwa ya mama, majani yaliyopondwa, wala dawa ya matone ya mtu mwingine. Dawa nyingine za macho huzidisha ugonjwa wa kuvu.
5. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na useme wazi kwamba alipigwa na jani.

Usingoje ukiona jicho ni jekundu, lina maumivu, linatoa machozi, linaogopa mwanga, au lina doa jeupe.

Mama, kinga ni bora kuliko tiba. Unapokata nepia, mwache mtoto kwa mtu mzima unayemwamini. Wakubwa waonye wasifanye nepia kuwa mahali pa kujificha.

Ng'ombe apate chakula, na mtoto abaki na macho yake.