Ukaidi wa Mtoto wa Kambo

Mjane au mtalaka apatapo mwenzi mpya, akakamilisha eda yake na kuozwa kwa ridhaa yake na kwa furaha ya jamaa, hushikwa na dhana kwamba kila aliye chini ya ulezi wake amepata fungu katika furaha hiyo. Na katika dhana hiyo, ambayo si ya uovu wala ya uchoyo, ndimo zizaliwamo nyingi miongoni mwa kadhia ziletwazo mbele yetu sisi washauri wa ndoa. Watoto hawakuposa wala hawakuposwa. Aghalabu walipewa habari siku mambo yote yalipokwisha kupangwa, wakahamishwa pamoja na makabati na magodoro, kisha wakaambiwa wachangamke.

Natutazame nyumba moja ya kubuni, ambayo msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja hataona taabu kuitambua. Mama ni mjane mwenye binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 6. Baba ameachana na mkewe, naye ana wavulana wawili, wa miaka 15 na 10, ambao mama yao yu hai mtaa wa pili. Binti hupakua chakula chake akaenda kula chumbani. Mvulana mkubwa humwamkia mama wa kambo shikamoo iliyo kamili kwa maneno, lakini macho yake yako mlangoni. Wazazi, kwa kufadhaika, husema watoto hawa wana inadi, na jamaa wenye haraka ya kuhukumu huongeza kuwa wamefundishwa na upande wa pili.

Katika dhamiri ya mtoto wa namna hii, kumpenda mgeni ni kumfanyia hiyana mzazi aliyetangulia: binti huona kwamba akimwachia mwanamume huyu mahali pa marehemu baba yake atakuwa amemzika mara ya pili, na mvulana, kila akicheka kwa maneno ya mama wa kambo, hukumbuka kwamba jioni atakwenda kwa mamaye, naye ataulizwa amepikiwa nini huko na nani amemfulia. Ndiyo sababu wema wa mzazi wa kambo mara nyingi huuzidisha ukaidi, kwa kuwa mtu mwovu hukataliwa bila majuto, ilhali mwema humtia mtoto katika deni asiloweza kulilipa pasipo kumkosea mwingine. Mama wa kambo anunuaye zawadi juu ya zawadi na kuona zinaachwa pembeni hana haja ya kujilaumu wala kumlaumu mtoto. Anaharakisha tu jambo lisiloharakishwa.

Na muda wenyewe ni mrefu kuliko wengi wanavyokisia. Mwanasaikolojia wa Marekani Patricia Papernow, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu hatua ambazo aila hizi hupitia, alionyesha kwamba zile zenye mwendo wa haraka huchukua miaka ipatayo minne hata kutulia, na nyingine saba au zaidi. Mavis Hetherington wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefuatilia maisha ya aila za waliotalikiana kwa takriban miongo mitatu, aliona kwamba baba wa kambo aliyeanza kwa usuhuba, akiiunga mkono kauli ya mama bila ya kujitwalia hukumu, alikubalika zaidi kuliko yule aliyeingia na amri mkononi. Methali yetu humpa mgeni jembe siku ya tatu. Baba wa kambo hana budi kulingoja jembe hilo kwa miaka. Kumrudi mtoto, kumkataza matembezi ya usiku, kumnyang'anya simu, hayo yawe mikononi mwa mzazi aliyemzaa, na yule wa kambo aseme tu, "Mama yako amekwisha sema." Jina atakaloitwa, liwe baba, baba mdogo au jingine, mtoto alichague mwenyewe.

Liko jambo jingine ambalo kwa aila za Kiislamu ni zito, na wazazi hulisahau. Baba wa kambo akishaingia kwa mama huwa maharimu wa binti, hawezi kumwoa milele; lakini wanawe wa kiume si maharimu wa binti huyo hata kidogo, na sheria ingewaruhusu kuoana. Basi wazazi wanapotangaza kwamba tangu leo ninyi ni ndugu, wakamtaka binti wa miaka 13 aketi bila ya ushungi mbele ya kijana wa miaka 15 ambaye mwaka jana hakumjua, wanamtaka avunje adabu waliyomlea nayo wao wenyewe. Yule alaye chumbani huenda ameona haya, nasi tukamwita mkaidi. Chumba cha peke yake, komeo la msalani lifungalo sawasawa na zamu za kuoga zinazojulikana huleta amani ambayo nasaha za mwezi mzima haziileti; na aila zisizo za Kiislamu nazo zina haja ya sitara hiyo hiyo.

Kisha kuna mali, ambayo watu wazima huona aibu kuitaja na watoto huiwaza usiku. Ikiwa bwana mpya amehamia katika nyumba aliyoijenga marehemu, binti yule na nduguye wanamtazama mtu akilala juu ya haki yao, maana katika mirathi ya Kiislamu mjane aliyeachiwa watoto ana thumni tu ya mali ya mumewe, na mayatima wana mafungu yao yasiyoguswa. Mtoto wa kambo naye hamrithi mlezi wake. Mlezi akipenda kumwachia kitu, ni kwa hiba katika uhai wake au kwa wasia usiozidi theluthi. Shauri langu ni kwamba mirathi ya marehemu igawanywe na kuandikwa kabla ya posa kujibiwa, na watoto wenye akili ya kufahamu waelezwe.

Kuhusu maskani ya mtoto, madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi pwani, humwondolea mama haki ya hadhana akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, na bibi mzaa mama hutangulia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni afadhali akae na mamaye, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa mtoto haki ya kutoa rai yake. Vyovyote itakavyoamuliwa, nyumba ya bibi na ibaki wazi, ila mtoto asipelekwe huko siku ya ugomvi, akaelewa kwamba amefukuzwa.

Kwa yule mama wa mtaa wa pili nina ombi. Ruhusa ambayo wanao wanaingojea haiwezi kutolewa na mtalaka wako wala na mkewe; ni wewe uwezaye kuwaambia kwa kinywa chako kwamba wakimheshimu bibi huyo, wakala chakula chake na kukisifu, wewe hupungukiwi na kitu. Waambie, hata kama moyo wako haujatulia, na uwaambie kabla ya wiki hii kwisha.