Mafuriko yamebomoa kwao: Wewe komredi utafanya nini?

Ukitaka kujua ni nani darasani mwenu ambaye maji yamesomba nyumba yao, usiangalie mavazi. Huenda bado anavaa raba zake safi na kucheka na wenzake kama kawaida. Angalia mambo madogo. Ameacha kuonekana mesi saa saba. Simu yake haina bando wiki nzima. Jioni mkiachana, hakuna anayejua analala rumu gani.

Janga likitokea, macho yote huelekea yalikopita maji. Aprili 29, 2024, kabla ya mapambazuko, maji yaliporomoka na kufagia kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, yakaua makumi ya watu. Masika hayo zaidi ya watu 200 walifariki nchini na wengine wengi wakahama makwao, wakiwemo wa kando ya Mto Tana na Budalang'i. Serikali iliahirisha ufunguzi wa shule hadi Mei 13. Lakini vyuo vikuu havina kengele moja ya nchi nzima. Kila chuo hufuata kalenda ya seneti yake, na mtihani hauulizi kama kwenu kuna paa.

Hapo ndipo komredi hupotea kwenye hesabu. Kambini, unga na blanketi hupewa waliopo. Yeye yuko Eldoret au Maseno, na ng'ombe aliyekuwa auzwe ili karo ilipwe amekwenda na maji. Hata pesa za HELB zikiingia, huenda akazituma nyumbani zote ili wadogo zake wale, kisha yeye abaki akishindia maji.

Basi usingoje aseme. Mfuate faraghani, si kwenye grupu la WhatsApp. Na yale maneno ya "ukihitaji kitu niambie" yaache, kwa sababu hatakuambia. Muulize swali lenye jibu: "Umekula leo?" "Wiki hii unalala wapi?" Kama una nafasi rumuni, mkaribishe bila kutangaza.

Msaada wa pili ni karatasi, na huu hauhitaji uwe na pesa. Aliyepoteza kitambulisho au vyeti atahitaji abstrakti ya polisi ili kupata vingine. Barua ya chifu nayo itathibitisha yaliyowapata. Akishazipata, mpeleke katika ofisi ya mkuu wa maslahi ya wanafunzi na kwa mwenyekiti wa idara yake, tena mapema, kabla mtihani haujampita. Aliyekosa mtihani kwa sababu inayokubalika na kuandika barua huweza kupewa mtihani maalum, na alama zake huhesabiwa zote. Aliyenyamaza huenda akahesabiwa kuwa amefeli na kuingia sapu, ambako katika vyuo vingi hata akipata 70 ataandikiwa 40 tu. Barua ya ukurasa mmoja inaweza kuokoa digrii.

Akiona mambo yamemzidi, bora aombe rasmi kuahirisha masomo kuliko kutoweka. Aliyeahirisha ana mlango wa kurudi. Aliyetoweka atarudi kupambana na maswali na bili.

Kuhusu karo, kumbuka kwamba mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 huwapanga wanafunzi kulingana na uwezo wa familia. Fomu aliyojaza kabla ya mafuriko inaeleza familia iliyokuwa na shamba na mifugo. Kama mali hiyo haipo tena, mhimize aandike kueleza hivyo na kukata rufaa, huku akiambatisha barua ya chifu. Basari za NG-CDF na za kaunti nazo zina fomu zake. Kama hana nauli ya kwenda kuzichukua, jamaa aliye nyumbani anaweza kumfuatilia.

Mkichanga, wekeni watu wawili wa kushika hesabu, na mwenyewe aseme anataka nini kwanza. Mlo wa kila siku kwa mwezi mzima unaweza kumfaa kuliko kitita cha siku moja chenye picha mitandaoni. Usimpige picha. Hiyo shida si maonyesho.

Usisahau moyo wake. Kuna wanaoshtuka kila mvua inapopiga mabati, na waliozika bila kupata nafasi ya kulia. Mwelekeze kwa washauri wa chuo, au apige nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Nawe uliyepatwa na haya, usijione mzigo. Kusema "nimekwama" mapema si kuombaomba, ni kuwapa wenzako nafasi ya kukusaidia kabla mambo hayajaharibika. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini atakufaaje kama hajui una dhiki?

Masika hurudi kila Machi. Leo hii piga picha vyeti vyako na kitambulisho, uvihifadhi kwenye barua pepe yako. Kisha tazama orodha ya mahudhurio ya darasa lenu. Kuna jina ambalo halijatiwa sahihi wiki mbili sasa. Mpigie.