GRIN KADI HAILINDWI NA TAREHE ILIYOANDIKWA JUU YAKE



Wenzetu wengi kutoka nchi zetu hizi wanafanya kazi Marekani. Wako madereva wa malori, wauguzi, wapishi na wafagiaji wa viwanja vya ndege. Waliopewa ukaaji wa kudumu wana kadi ambayo watu huiita grin kadi. Basi mzazi anaugua nyumbani, au kuna nyumba ya kujenga, na mtu anafunga mizigo arudi kwa miaka miwili mitatu. Anaitazama kadi, anaona muda wake ni miaka 10, anatulia. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Kadi ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine. Kwa sheria ya Marekani, mkaaji wa kudumu ni mtu ambaye makazi yake yako kule. Akionekana ameyahama makazi hayo, haki yaweza kufutwa hata kama kadi ina miaka 8 mbele yake.

Hesabu ya muda ni hii. Ukikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, ofisa wa uhamiaji anaweza kukuhoji kama mtu anayeomba kuingia upya. Ukifikisha mwaka 1, kadi peke yake haitoshi kukuingiza.

Kwa hiyo anayejua kwamba atakawia aombe kibali cha kurudi kabla ya kuondoka. Fomu yake ni I-131. Ni lazima uwe ndani ya Marekani unapoipeleka, na utaitwa kuchukuliwa alama za vidole. Ukishafika Kampala au Bujumbura umechelewa. Kibali hudumu hadi miaka 2 na hakiongezwi muda. Ukitaka kingine ni lazima urudi ukaombe kule kule. Aliyekaa nje zaidi ya miaka 4 katika 5 iliyopita kwa kawaida hupewa cha mwaka 1 tu.

Hata hivyo kibali si ngao ya kila kitu. Ofisa bado anaweza kuuliza kama kweli ulikusudia kurudi. Wako wanaodhani kwamba kwenda kule wiki mbili kila mwaka kunatosha. Hakutoshi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Weka karatasi za kodi ya mapato, mkataba wa nyumba, taarifa za benki, leseni, na barua ya mwajiri ikiwa amekupa likizo. Kodi ya mapato usiache kuijaza kila mwaka, hata kwa fedha ulizopata nje. Ukijiandikisha kama asiye mkaaji, umejishuhudia mwenyewe.

Na aliyekwisha kuchelewa? Anaweza kwenda kwenye ubalozi wa Marekani kuomba viza ya mkaaji anayerejea, iitwayo SB-1. Atatakiwa kuthibitisha kwamba aliondoka akiwa na nia ya kurudi, na kwamba alicheleweshwa na jambo lililomshinda, kwa mfano ugonjwa mkali. Barua za hospitali zitunzwe tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine ni saini. Uwanjani mtu anaweza kuwekewa fomu I-407. Kuitia saini ni kuiacha haki yako kwa hiari. Hulazimiki kufanya hivyo; unaweza kukataa na kuomba kusikilizwa na jaji wa uhamiaji. Sisi wa chama tunalijua jambo hili vizuri: mfanyakazi akishatia saini karatasi ya kuacha kazi kwa hiari, kumtetea huwa kazi ngumu.

Mwisho, uraia. Aliyekuwa raia hapotezi haki ya kurudi kwa sababu ya kukaa nje. Lakini anayehesabu miaka 5 ya kuomba uraia ajue kwamba kukaa nje mwaka 1 hukata hesabu hiyo, hata akiwa na kibali. Tena Tanzania na Kongo haziruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Kenya inaruhusu tangu Katiba ya 2010. Kila mmoja apime kwa hali yake.

Ndugu, ikiwa una jamaa kule anayejiandaa kurudi kumuuguza mzazi, msomee maneno haya kabla hajakata tikiti. Kibali huombwa kabla ya safari, si baada yake.