Gari Likilia Tak-Tak na Kukataa Kuwaka

Katika vikundi vyetu vya Kericho na Bomet gari moja hufanya kazi nyingi. Asubuhi linabeba majani chai mpaka kituoni, mchana linaleta mbolea, na usiku likiitwa linakimbiza mama mwenye uchungu wa kuzaa hadi Kaplong, Kapkatet au Tenwek. Kwa hivyo likikataa kuwaka, hiyo si shida ya dereva peke yake. Mweka hazina pia anafaa kujua jambo hili, kwa sababu yeye ndiye atakayeombwa pesa.

Mara nyingi zinaombwa pesa za betri mpya. Unawasha swichi, unasikia tak-tak, na kila mtu aliye karibu anasema, "Betri imekufa." Pengine ni kweli. Lakini hiyo kelele yenyewe ina habari, na ukiisikiliza vizuri unaweza kuokoa pesa za kikundi.

Juu ya stata kuna swichi kubwa inayovutwa kwa umeme. Mafundi wanaiita solenoidi. Kazi yake ni kufungulia umeme mwingi uingie kwenye stata, na kusukuma meno ya stata yashikane na meno ya injini. Solenoidi yenyewe hutumia umeme kidogo tu, lakini stata ikizungusha injini hutaka zaidi ya ampea 100, na dizeli hutaka zaidi. Kwa hiyo betri dhaifu inaweza kuwa na nguvu ya kulia tak, na isiwe na nguvu ya kuzungusha injini.

Sasa sikiliza. Kama inalia haraka haraka, ta-ta-ta-ta-ta, ujue solenoidi inavuta, umeme unashuka, inaachilia, umeme unapanda, inavuta tena. Hapo shida ni betri kukosa chaji, au waya zisizoshika vizuri. Kama inalia mara moja tu kwa uzito, tak! halafu kimya, basi stata yenyewe huenda ina kasoro.

Ili kuhakikisha, washa taa kubwa za mbele na umwambie mtu azitazame ukizungusha ufunguo. Zikififia karibu kuzimika, anza na betri na waya zake. Zikibaki kali kabisa, usinunue betri. Shida iko mbele, kwenye solenoidi au stata.

Kabla ya kuita mtu yeyote fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Huku kwetu mvua ni nyingi, barabara zinatikisa gari, na mara nyingi utaona unga mweupe au wa kijani umejaa pale waya zinaposhika. Unga huo unazuia umeme. Shika kibanio cha waya ujaribu kukizungusha kwa mkono. Kikicheza, umepata mchawi. Zima gari, fungua kwanza waya wa hasi, ule mweusi, kisha wa chanya. Chukua kijiko cha magadi, yale yale tunayopikia mboga, koroga katika kikombe cha maji moto, na uoshe huo unga ukihakikisha vifuniko vya betri vimefungwa ili maji hayo yasiingie ndani. Suuza, kausha, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, na upake grisi kidogo juu. Wakati wa kurudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Fuata pia huo waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi na injini. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilinunua betri mbili mwaka mmoja, kumbe ni nati ya waya huo iliyolegea.

Kama waya ni safi na taa bado zinafifia, betri inataka chaji. Asubuhi za baridi, hasa Julai, betri hupungua nguvu na oili ya injini huwa nzito, ndiyo sababu gari lililowaka jana mchana linagoma saa kumi na moja alfajiri. Ukiazima umeme wa gari lingine, unga waya mwekundu kwanza kwenye chanya ya betri iliyokwisha, kisha chanya ya ile nzima. Waya mweusi unaanzia hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma tupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, na cheche ya mwisho ndiyo ya hatari. Msivute sigara hapo.

Kusukuma je? Gari la gea za mkono linaweza kuwashwa kwa gea ya pili. Otomatiki, kama Probox nyingi, halisukumwi likawaka. Na tafadhali, msiliachilie kwenye miteremko yetu: injini ikiwa imezimika breki na usukani huwa nzito sana. Tusisahau kwamba wazee walizungusha Land Rover kwa hendeli, na hendeli ilivunja mikono ya watu. Ndiyo maana stata ya umeme ya Charles Kettering, iliyowekwa kwenye Cadillac huko Marekani mwaka 1912, ilipokelewa kwa furaha.

Ikiwa ni tak moja na taa ni kali, weka gea huru na handbreki, halafu mtu agonge stata polepole kwa mti huku mwingine akizungusha ufunguo. Ikiwaka, huenda karboni za ndani zimeisha. Inakupeleka kwa fundi, si zaidi. Lakini kama gari lilipita kwenye mto uliofurika, usijaribu tena na tena, kwa maana maji yakiwa ndani ya injini yanaweza kuivunja.

Mwisho, betri iliyochajiwa vizuri ikiisha tena baada ya siku mbili, uliza kwa nini. Je, gari lilipigisha spika matangani kutwa nzima injini ikiwa imezimwa? Je, mkanda wa oltaneta umelegea? Mita ndogo ya volti inatosha kujibu: gari likiwa limelala usiku betri nzima husoma karibu 12.6, na injini ikinguruma isome kama 13.8 hadi 14.5. Mweka hazina na aombe aonyeshwe namba hizo kabla ya kutia sahihi.