Dilala: Otomati ya foraji si lazima iwe ile ya mgodini

Katika komini ya Dilala, mjini Kolwezi, mwenye foraji anayeuza maji kwa bidoni anaogopa hasara moja kuliko zote: pompi iliyoungulia chini ya shimo. Kuitoa kunahitaji watu wa kuvuta mabomba, fundi wa kusuka mota upya au pesa za kununua nyingine, na siku kadhaa ambapo majirani wanatafuta maji mbali. Mara nyingi pompi yenyewe haikuwa mbovu. Umeme wa SNEL ulirudi ukiwa na volti ndogo, au maji yalishuka shimoni na pompi ikazunguka kavu usiku kucha, mlinzi akiwa amelala.

Dawa ambayo mafundi wengi wanaifikiria ni otomati, kifaa ambacho wengine wanakiita PLC. Ni kompyuta ndogo isiyo na klavye: inasoma swichi na sonda, inafuata programu iliyoandikwa na fundi, kisha inawasha au kuzima mashine. Ilizaliwa Marekani mwaka 1968, wakati kampuni ya magari General Motors ilipokuwa inatafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rele. Dick Morley na wenzake wakabuni ile iliyoitwa Modicon 084. Tangu hapo otomati imeshuka bei hata ikafika kwenye kisima cha mtaa, lakini si kila otomati.

Kolwezi ina mafundi umeme wengi waliojifunza kazi kwenye viwanda vya shaba na kobalti. Ni baraka, ila inaleta pia tabia ya kuchagua kwa jina. Aliyezoea makabati makubwa ya Siemens au Allen-Bradley anamtajia mteja wake kifaa cha ukoo uleule, na bei inamkimbiza mteja kabla ya kazi kuanza. Kiwanda cha kuchenjua madini kina maelfu ya vali, mota na sonda. Foraji ya Dilala inazo ngapi?

Zihesabiwe. Kwenye tangi la juu kuna floteri mbili, moja ya chini inayosema maji yamekwisha na moja ya juu inayosema tangi limejaa. Shimoni kuna sonda ya kuzuia pompi kuzunguka kavu. Kwenye kabati kuna rele ya joto inayokata mota ikivuta umeme kupita kiasi, rele ya kuchunga volti, na swichi ya kuchagua kazi ya mkono au ya otomati. Hizo ni alama sita zinazoingia. Zinazotoka ni tatu: kontakteri ya pompi, taa ya hitilafu, na labda pompi ndogo ya klorini. Kifaa chenye njia nane za kuingia na nne za kutoka kinatosha, na nafasi kidogo inabaki kwa ajili ya kesho.

Kuna pia swali ambalo fundi mwenye njaa ya kazi hapendi kuulizwa: je, otomati inahitajika kweli? Ikiwa kazi ni kujaza tangi na kuacha, floteri moja, kontakteri na rele ya joto vinafanya hivyo, na fundi yeyote wa mtaani atavitengeneza. Hesabu inabadilika pale mwenye foraji anapotaka pompi isubiri dakika tano baada ya umeme kurudi, ipumzike nusu saa maji yakishuka shimoni, ijaribu tena mara tatu tu kisha iwashe taa, na ihesabu saa ilizofanya kazi. Kununua rele za muda na kihesabio kimoja kimoja kunaweza kugharimu kuliko otomati ndogo ambayo ina vyote ndani.

Zile dakika tano zina maana yake. Delestaji ikiisha, friji na pompi za mtaa mzima zinaamka kwa wakati mmoja, na volti zinaanguka. Mota inapoanza inavuta umeme mara tano, sita au zaidi ya kawaida yake. Volti zikiwa ndogo inashindwa kushika mwendo, inabaki inanguruma na kupata moto. Kusubiri kunaiokoa.

Kwa kazi ya ukubwa huu, majina yanayofaa si mengi. LOGO! ya Siemens ina njia nane za kuingia na nne za kutoka, na baadhi ya aina zake zina skrini ndogo na vibonyezo, hivyo fundi anaweza kuiandikia programu bila kompyuta yoyote. Katika maduka ya Ulaya ya mtandaoni inapatikana kwa kati ya dola 100 na 200. Ikifika Kolwezi kuna usafiri na forodha juu yake. Modicon M221 ya Schneider, ile ndogo kabisa, ina njia tisa za kuingia na saba za kutoka, na programu ya kuiandikia inatolewa bure, mradi mtu awe na mega za kuipakua. Delta ya Taiwan nayo ina otomati ndogo za DVP na programu ya bure. Zipo pia zile zinazotoka China zikiiga FX ya Mitsubishi, ambazo nyingine haziifikii hata dola 50. Zinafanya kazi, lakini anayenunua moja inafaa anunue mbili na aweke ya pili kabatini.

Volti za kifaa ni jambo ambalo wanunuzi wengi wanalipita haraka. LOGO! moja inaungwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, na inaonekana rahisi kwa kuwa haihitaji chaja wala alimentasyo. Lakini njia zake za kuingia nazo ni za volti hizohizo, maana yake umeme wa nyumba unapita kwenye kable ya floteri na kuingia ndani ya tangi la maji ya kunywa. Kable ikichunika, anayepanda kusafisha tangi yuko hatarini. Aina ya volti 12 na 24 haina balaa hilo, tena inaweza kuishi kwa betri ya volti 12 inayochajiwa na sola, kwa hiyo haizimiki umeme ukikatika. Kwa Dilala, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Pompi yenyewe isiungwe kamwe kwenye rele ya ndani ya otomati. Ampea 10 zilizoandikwa kwenye LOGO! ni za kitu kama pasi. Kwa mota, au kitu kingine chenye koili, ni 3 tu. Otomati iamuru kontakteri, kontakteri ibebe pompi.

Kisha kuna soko la vifaa vilivyotumika. Otomati zilizotolewa kwenye mashine za zamani zinauzwa kwa bei tamu, na nyingine ni za mfano mzuri. Shida ni tatu. Bila karatasi ya mauzo, mnunuzi anaweza kuulizwa zilitoka wapi. Nyingine zimefungwa kwa neno la siri la mwenye zamani. Na mifano kama S7-200, ambayo Siemens iliacha kuitengeneza, inahitaji kable yake maalum na kompyuta yenye Windows ya zamani. Bei ya kable hiyo inaweza kumaliza faida yote.

Vijana wanaosoma elektroniki wanapendekeza Arduino, na kwa kujifunza hakuna kitu bora. Lakini kadi ya kawaida ya Arduino inafanya kazi kwa volti 5, na kontakteri inapofunguka karibu yake inaweza kuichanganya. Kampuni hiyohiyo sasa ina Opta, otomati ya kweli ya volti 12 hadi 24, ila bei yake inakaribia ile ya LOGO!.

Pesa iliyookolewa kwenye otomati iende kwenye kofre isiyopitisha vumbi jekundu la barabara, kwenye waya mzuri wa ardhi na kwenye parafudre, kwa sababu Kongo ni kati ya nchi zinazopigwa na radi zaidi duniani, na msimu wa mvua hapa ni mrefu.

Kabla ya kumlipa fundi, mwenye foraji anaweza kuomba vitu viwili: nakala ya programu kwenye ufunguo wa USB bila neno la siri, na mchoro wa nyaya uliobandikwa ndani ya mlango wa kofre. Halafu akate disjonkteri, airudishe, na ahesabu kwa saa yake kama dakika tano zinatimia. Ainue floteri ya juu kwa mkono. Pompi ikinyamaza, alipe.